Namna ya Kulihifadhi Gari la Zamani Lisilokarabatiwa, Hapa Tanga, Hadi Liwafikie Watoto

Mwenye Land Rover iliyotoka katika mashamba ya mkonge, au Peugeot 404 ambayo haijapata kupigwa rangi upya tangu itoke kiwandani, hushauriwa jambo moja na karibu kila anayeliona gari lake: alipeleke kwa fundi bodi, likwanguliwe, lipigwe puti, lipakwe rangi mpya na kushonewa siti. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya yule asiyetaka kufanya hivyo. Unamhusu mtu aliyekwisha kuamua kwamba rangi iliyopauka, siti iliyofumuka ukingoni na usukani uliolainishwa na viganja vya baba yake ni sehemu ya gari lenyewe, na kwamba anachotaka kuwakabidhi watoto ni gari hilo hasa, wala si jingine jipya lililobeba namba zilezile. Kazi yake ni kuuzuia uharibifu usiendelee, bila kuzifuta alama za miaka iliyokwisha kupita, na kwa maoni yangu kazi hii ni ngumu kuliko ukarabati, kwa kuwa inadai subira ambayo gereji nyingi hazijaizoea.

Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lililoundwa mwaka 1966, hulihesabu gari kuwa la kihistoria likiwa na umri wa miaka 30 au zaidi, limetunzwa katika hali iliyo sahihi kihistoria na halitumiki kama usafiri wa kila siku. Mkataba wa shirikisho hilo uitwao Mkataba wa Turin, uliopitishwa mwaka 2012, unatanguliza kuhifadhi kilichopo kabla ya kufikiria kukarabati. Gari la familia halihitaji cheti cha mtu yeyote, lakini kutokana na mtazamo huo mmiliki anaweza kuchukua kanuni mbili za kumwongoza katika kila uamuzi: kila atakachoongeza kiweze kuondolewa baadaye bila kuacha jeraha, na kitu cha asili kisiondolewe maadamu bado kinaweza kufanya kazi yake kwa usalama.

Hatua ya kwanza: andika na upige picha kabla ya kugusa

Kabla ya kuosha, kabla hata ya kufagia vumbi la ndani, lipige gari picha pande zote, chini ya bodi, ndani ya boneti, nyuma ya siti na katika kila kona yenye kutu au mkwaruzo. Nakili namba ya chesisi na namba ya injini kama zinavyosomeka kwenye chuma, kisha uzilinganishe na kadi ya gari. Ikiwa injini ilikwisha kubadilishwa na kadi haionyeshi hivyo, ni heri jambo hilo lijulikane leo, mwenyewe akiwa hai na anaweza kulieleza, kuliko kumwachia mtoto atakayekwama nalo siku ya kuhamisha umiliki.

Anzisha daftari moja gumu ambalo halitatumika kwa kazi nyingine. Andika humo gari lilinunuliwa kwa nani, lilifanya kazi gani, lilipata ajali wapi, na kwa nini taa moja haifanani na mwenzake. Kama yupo mzee katika ukoo aliyeliendesha, mrekodi kwa simu akilielezea huku amesimama kando yake, kwa maana akiligusa atakumbuka mambo ambayo akiwa sebuleni asingeyakumbuka. Kila kifaa kitakachotolewa siku za mbele, hata plagi iliyokufa, kitiwe katika boksi na karatasi yenye tarehe na sababu ya kukitoa.

Hatua ya pili: lijue gari lako limeoza wapi

Kutu iko ya aina mbili, na mmiliki asiyezitofautisha atapoteza fedha au atapoteza gari. Iko kutu ya juu, ambayo ni rangi ya udongo mwekundu iliyotanda juu ya chuma ambacho bado ni kigumu, na hiyo inaweza kukaa hapo kwa miongo mingi ikidhibitiwa. Nyingine ni ile inayokula kuanzia ndani, ambayo nje huonyesha vipovu vidogo tu chini ya rangi ilhali nyuma yake bati limekwisha kuwa kama ganda la yai. Gonga taratibu kwa mpini wa bisibisi ukisikiliza: chuma kizima hulia, kilichooza hujibu kwa sauti iliyokufa. Pitisha pia sumaku iliyofungwa kitambaa laini juu ya bodi la chuma. Pale isiposhika, chini ya rangi kuna puti, na wewe umeshajua kwamba sehemu hiyo si ya kiwandani.

Land Rover za zamani zina tabia yake. Bodi ni la aluminiamu, kwa hiyo watu hudhani halina shida, lakini chesisi ni ya chuma, na vilevile ukuta unaoitenga injini na abiria. Mahali aluminiamu inapogusana na chuma, palipo na unyevu wa chumvi, metali hizo mbili huzalisha umeme mdogo unaoila aluminiamu na kuigeuza unga mweupe. Chesisi yenyewe ina uwazi ndani yake na huoza kuanzia humo, hivyo usiridhike kwa kuitazama nje. Katika Peugeot 404, ambayo bodi lake ndilo linalobeba gari zima, chunguza zaidi boksi za chini ya milango, sakafu iliyo chini ya kapeti na sehemu zinaposhikwa springi. Kutu inayokula katika maeneo hayo haina mjadala wa uhifadhi: sehemu hiyo ikatwe na ichomelewe bati jipya la unene uleule, kwa eneo dogo iwezekanavyo, na kazi iandikwe daftarini. Hakuna thamani ya kihistoria inayozidi uhai wa mtoto atakayelipanda.

Hatua ya tatu: mahali pa kulilaza

Hapa ndipo gari la Tanga linapookolewa au kupotea, na ndipo ningemsihi msomaji atumie fedha zake nyingi. Chumvi ya kawaida huanza kuvuta maji kutoka hewani na kuyeyuka unyevu unapofika takriban asilimia 75, na usiku wa pwani yetu huvuka kiwango hicho mara kwa mara, hata mvua isiponyesha. Maana yake ni kwamba gari lililolala Raskazone likiwa na vumbi la chumvi juu yake hulowa kila usiku bila mtu kumwaga tone la maji. Anayekaa karibu na bahari na ana ndugu Pongwe, Muheza au Korogwe mwenye banda zuri na mwaminifu, afikirie kwa makini kulihamishia huko, ingawa kitu kisichoonwa na mwenyewe nacho huharibika kwa njia zake.

Banda lenyewe liwe na sakafu ya zege iliyotandikiwa nailoni nzito chini yake wakati wa kumwaga, ili unyevu wa ardhini usipande. Kulilaza gari juu ya udongo au majani ni kulichemsha kwa mvuke kuanzia chini. Ukuta wa upande wa baharini uzibwe, kwa kuwa upepo wa kusi hubeba chumvi, lakini juu ya kuta za pande nyingine yaachwe matundu yenye wavu ili hewa ipite. Wataalamu wa makumbusho hupendelea unyevu wa chini ya asilimia 50 kwa vitu vya chuma. Kwetu haupatikani bila mashine ya kukausha hewa inayofanya kazi mfululizo katika chumba kilichozibwa, na bili ya umeme itamshinda mtu wa kipato cha kawaida. Hewa inayotembea ndiyo mbadala wetu, na feni ndogo inayowashwa saa za mchana wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, husaidia zaidi ya watu wanavyodhani.

Turubai la nailoni lisiguse gari kamwe. Linalizuilia jua, ni kweli, lakini mvuke unaopanda usiku hunaswa chini yake na kurudi kuwa maji juu ya bati, na upepo ukilitikisa linasugua rangi kwa mchanga ulionaswa katikati. Ndani ya banda tumia shuka kuukuu za pamba zilizofuliwa zikasuuzwa vizuri, na uzifunue mara kwa mara.

Panya hupenda nyaya na siti, mchwa hutafuta mbao, na nyigu wa udongo hujenga ndani ya bomba la moshi na katika vitundu vya kupumulia vya tangi la mafuta. Tumia mitego, usitumie sumu, kwa sababu panya aliyekula sumu huenda kufia ndani ya siti. Ziba bomba la moshi kwa kitambaa chenye utepe mrefu mwekundu, uning'inie mahali ambapo hata msahaulifu atauona kabla ya kuwasha.

Hatua ya nne: kuosha, rangi na kutu ya juu

Kuosha kufanyike kwa maji baridi ya bomba na shampuu ya magari. Maji ya visima vingi vya pwani yana chumvi, na sabuni ya unga inayotumika katika sehemu nyingi za kuoshea magari ni kali kwa rangi ya zamani. Chini ya gari paoshwe kwa uangalifu kuliko juu, hasa baada ya safari ya kando ya bahari, kisha likaushwe juani milango na boneti vikiwa wazi. Kabla ya hapo, chukua waya laini na uzibue matundu ya kutolea maji yaliyo chini ya milango na chini ya boksi za pembeni. Matundu hayo yamezibwa na matope ya miaka mingi, na ni machache sana kati ya mambo yaliyomo katika mwongozo huu yanayogharimu kidogo hivyo na kuokoa kiasi hicho.

Rangi za zamani ni tabaka la rangi tupu lisilo na vanishi juu yake, kwa hiyo kila unapoisugua unaondoa rangi yenyewe. Kitambaa kikigeuka buluu au kijani wakati wa kung'arisha, hiyo ni historia inayotoka na kwenda kwenye ndoo. Jaribu kwanza sehemu ndogo isiyoonekana. Ipake nta ya magari isiyo na unga wa kusugulia, kwa mkono, mara mbili au tatu kwa mwaka, na uridhike na mng'ao hafifu. Kama mlangoni bado yanasomeka maandishi ya shamba la mkonge au ya idara lilikotumika, yapite kwa nta kama ulivyopita kwingine, wala usiyachoree upya ili yasomeke vizuri. Na usishawishike kulivika gari mavazi ambayo halikuwa nayo. Ni kweli kwamba Peugeot 404 ilishinda Safari Rally ya Afrika Mashariki miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968, na kwamba mshindi wa 1966 na 1967, Bert Shankland, alikuwa mkazi wa Dar es Salaam. Lakini 404 iliyomsomesha mtoto kwa kubeba abiria wa Pangani ina sifa zake yenyewe na haihitaji kubandikwa namba za mashindano.

Kutu ya juu isafishwe kwa brashi ya nailoni, ifutwe mafuta kwa spiriti, ikauke kabisa, kisha ipakwe nta ya kuzuia kutu. Pale inapokaidi, dawa zenye asidi ya taniki huigeuza kutu kuwa tabaka jeusi lililotulia. Asidi hiyo ni ya jamii ya tanini, ile iliyomo katika magome ya mkoko, ambayo zamani yalisafirishwa kutoka pwani hii kwenda kulainisha ngozi ng'ambo, lakini hiyo si ruhusa ya kuchemsha magome nyumbani. Nunua dawa iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, na ujue kwamba weusi wake hautoki, hivyo itumike chini ya gari na mahali pasipoonekana.

Ndani ya chesisi na milango, nyunyizia nta nyepesi ya maeneo yaliyofichika kwa bomba refu jembamba. Mafundi wengi watakuambia kwamba oili chafu inatosha, na wataonyesha gari la fulani lililopakwa oili chafu miaka yote na bado linatembea. Oili hiyo huzuia maji kwa muda, hilo halikataliki, lakini ina asidi zilizozaliwa ndani ya injini, hulainisha na kuvimbisha mipira, huchafua ardhi ya nyumba yako, na yeyote atakayetaka kuchomelea hapo baadaye atakutana na moshi na moto.

Hatua ya tano: ndani ya gari

Siti za magari mengi ya Ulaya ya miaka ya 1950 na 1960, Volkswagen za mgongo wa kobe zikiwemo, zilijazwa nyuzi za makumbi ya nazi zilizofungamanishwa kwa mpira. Kwa hiyo fundi siti wa Tanga akifungua siti na kukuta makumbi, asidhani kwamba kuna mtu aliyeichakachua, wala asiyatupe makumbi hayo na kuweka sponji. Mchanuko mdogo ushonwe kwa uzi wa rangi ileile kwa mkono, na kitambaa kilichochoka kifunikwe kwa shuka siku za kutembea. Kapeti zitolewe zianikwe mara kwa mara, kwa sababu kapeti iliyolowa ndiyo inayotoboa sakafu. Usitumie mafuta yanayong'arisha dashibodi. Kitambaa chenye unyevunyevu kinatosha.

Hatua ya sita: lisife kwa kusimama

Gari linalosimama tu huharibika kwa njia ambazo hazionekani. Mipira hukauka, pistoni za breki hushika kutu katika silinda zake, na mafuta ya petroli huacha utomvu ndani ya kabureta baada ya miezi michache. Kuliwasha dakika tano getini na kulizima ni kosa linalofanywa kwa nia njema: injini haipati joto la kutosha, maji yanayotokana na kuungua kwa mafuta hubaki ndani ya oili na ndani ya bomba la moshi. Ni afadhali usiliwashe kabisa kuliko kuliwasha hivyo. Mara moja kwa mwezi, siku ya ukavu, liendeshwe hadi Muheza na kurudi, kwa mwendo wa kiungwana, likiwa na mtoto siti ya mbele.

Oili ibadilishwe angalau mara moja kwa mwaka hata kama gari limetembea kidogo. Rejeta itiwe maji yaliyosafishwa pamoja na dawa ya kupooza injini. Watu husema dawa hiyo ni ya nchi za baridi. Ukweli ni kwamba kinga yake dhidi ya kutu tunaihitaji sisi kuliko wao, hasa kwa injini zenye kichwa cha aluminiamu. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, hivyo yabadilishwe kila baada ya miaka miwili, na tone likidondoka juu ya bodi lisuuzwe mara moja kwa maji mengi, kwani huchubua rangi. Betri ichomolewe gari linapolala, na volti zake zikishuka chini ya 12.4 ichajiwe.

Petroli yenye risasi (madini ya lead) iliondolewa katika nchi za Afrika kusini ya Sahara kufikia mwaka 2006. Risasi ile ilikuwa ikilinda viti vya valvu, yaani mahali valvu zinapokalia zikijifunga, katika injini za zamani zenye kichwa cha chuma cha kalibu. Injini za namna hiyo zipimwe nafasi za valvu mara kwa mara na zisilazimishwe mwendo mkali kwa muda mrefu. Ikifika siku ya kufungua kichwa, fundi aweke viti vya valvu vilivyo vigumu. Ni badiliko lisiloonekana, na mimi ninalikubali.

Tairi hazina mjadala. Zile za asili, hata zikiwa na kashata nzuri, zivuliwe na kuhifadhiwa gizani, na gari litembelee tairi changa. Tairi zilizotengenezwa kuanzia mwaka 2000 zina tarakimu nne ubavuni zinazotaja wiki na mwaka wa kutengenezwa. Zikipita miaka 10 zisiende barabara kuu.

Hatua ya saba: karatasi na makabidhiano

Nyaraka huliwa na unyevu kama chuma. Kadi halisi, vibandiko vya zamani vya leseni ya barabara, kitabu cha huduma na barua za ununuzi viwekwe katika faili lenye vipakiti vya kukausha hewa, ndani ya boksi la plastiki linalofungika, na nakala zake zipigwe picha. Risiti za mashine za EFD huchapwa kwa joto na hufutika zenyewe. Zitolewe nakala siku ileile, la sivyo mtoto atarithi bahasha ya karatasi nyeupe.

Kuhusu umiliki, njia iliyo safi kuliko zote ni kulihamisha gari katika kumbukumbu za TRA wakati mwenyewe yu hai, mbele ya watoto wote. Kwa Waislamu, wasia hauwezi kumpendelea mrithi bila ridhaa ya warithi wengine, wala kuvuka theluthi ya mali. Anayetaka mmoja wa watoto alipate gari hilo hana budi kulitoa kama hiba, akiwa na afya yake, na hiba hukamilika kwa kukabidhi kweli, si kwa kutamka tu huku funguo zikibaki mfukoni. Asipofanya hivyo, gari litaingia katika mirathi, litasubiri msimamizi ateuliwe na mahakama, na kwa muda wote huo litasimama bila mwenye mamlaka ya kulitengeneza wala kuliendesha. Magari mengi ya zamani yaliyofia uani katika mji huu yalifia katika subira ya namna hiyo, kisha yakauzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu ili fedha igawanyike sawa.

Mteue anayelipenda, ambaye si lazima awe mkubwa wala wa kiume, na uwaeleze wengine sababu wangali wanaweza kukuuliza. Mfundishe kusoma daftari, kuzibua matundu ya milango, kupaka nta kwa mkono na kumkatalia fundi kwa adabu. Mwandikie pia yale anayoruhusiwa kubadilisha bila kujiona amevunja amana: mikanda ya usalama, mipira ya breki, nyaya zilizochakaa, tairi. Ufunguo wa akiba, kadi na daftari vikae mahali pamoja, na watu wasiopungua wawili nyumbani wapajue.